Msomaji ni yule anayesikiliza

"Tazama Kielelezo namba 7," nilisoma, nikavuta pumzi, nikaendelea na aya iliyofuata. Kilikuwa kitabu cha sayansi cha darasa la sita, sura ya mzunguko wa maji. Nilikuwa nimejifungia stoo, mablanketi yametundikwa ukutani kupunguza mwangwi, kinasa sauti kimeegeshwa juu ya debe la mchele. Wiki mbili baadaye nikaenda shuleni kuona kama ile rekodi inamfaa yeyote. Mvulana mmoja asiyeona, aliyekuwa akiisikiliza kwa simu ya mwalimu wake, aliniamkia kwa adabu zote, kisha akasema: "Mwalimu, pale kwenye kielelezo namba 7, nimetazama. Halafu?"

Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka nao. Njiani kurudi nyumbani kicheko kilikwisha. Nimesoma taarifa za habari redioni kwa miaka mingi. Najua kupumua, najua kuipa nukta haki yake, najua kutamka jina la waziri wa nchi ya mbali bila kujikwaa. Nilidhani kumsomea asiyeona kitabu ni kazi ile ile, tofauti yake ni kwamba ni ndefu na haina malipo. Mtoto wa miaka kumi na miwili alinionyesha kwa neno moja kwamba sikuwa hata nimeianza.

Lugha yetu yenyewe inatuponza kidogo hapa. Studio tunamwita "msomaji" yule aliye mbele ya maikrofoni, na yule mwenye spika za masikioni tunamwita "msikilizaji". Majina hayo yanafaa kwa redio, ila kwa kitabu cha sauti cha mtu asiyeona yamekaa kinyume. Anayekisoma kitabu ni yule mvulana. Yeye ndiye atakayeulizwa maswali ya mwisho wa sura, yeye ndiye atakayekubaliana na mwandishi au kumbishia. Mimi ni macho ya kuazima tu. Ukilikubali hilo, mengi yanayobishaniwa kuhusu kazi hii yanajijibu: usomeje, uigize au usiigize, mashine itufae wapi, na nani alipe.

Tuanze na ukurasa wenyewe, maana ndiko wengi wetu tunakoanguka. Kitabu kilichochapwa si maneno peke yake. Kina jalada, namba za kurasa, vichwa vikubwa na vidogo, tanbihi, maandishi chini ya picha, majedwali, visanduku vya "Zingatia". Mwenye macho huyapita hayo yote kwa kufumba na kufumbua, kisha hurudi palipomvutia. Asiyeona hupata kile tu nilichoona mimi kinafaa kutajwa. Nikiruka namba ya ukurasa, mwalimu akisema "fungueni ukurasa wa 48" mtoto wangu anabaki amekaa. Nikilisoma jedwali kama aya, msikilizaji anapata mvua ya tarakimu isiyo na mwenyewe. Jedwali lina utaratibu wake: unataja kwanza kichwa chake, idadi ya safu, na safu hizo zinaitwaje, ndipo unasoma mstari kwa mstari ukirudia jina la safu mpaka sikio lizoee. Inachosha, lakini hakuna njia ya mkato ninayoijua.

Na mchoro? Nilikirudia Kielelezo namba 7 mara nne. Mara ya kwanza nilieleza kila kitu, hadi rangi ya kofia ya mvuvi aliyechorwa pembeni, na maelezo yakawa marefu kuliko sura. Mara ya pili nilifupisha mno. Mara ya tatu nikajikuta nafundisha: "mchoro huu unatuonyesha umuhimu wa misitu," jambo ambalo mchoro haukusema, nimelisema mimi. Ile ya nne ndiyo iliyopita: "Mchoro una bahari upande wa kushoto na mlima upande wa kulia. Mshale wa kwanza unatoka baharini kwenda juu mpaka kwenye wingu. Wa pili unatoka kwenye wingu kwenda kulia, juu ya mlima. Wa tatu unashuka kutoka wingu la mlimani. Wa nne unafuata mto kurudi baharini." Mishale minne, sentensi tano. Mzunguko wenyewe aujenge msomaji, yaani yule mvulana.

Kazi hii ina historia ndefu kuliko tunavyodhani. Thomas Edison alipounda mtambo wake wa kunasa sauti mwaka 1877, moja ya matumizi aliyoyaorodhesha mwaka uliofuata ni vitabu vya kuwasomea wasioona. Ndoto hiyo ilikaa zaidi ya nusu karne, kwa sababu santuri za zamani zilibeba dakika chache tu kila upande, na riwaya nzima ingekuwa mzigo wa mkokoteni. Waliolitatua tatizo hilo ni watu waliohitaji suluhisho lake. Marekani, taasisi ya American Foundation for the Blind ilitengeneza santuri ya kuzunguka taratibu, na mwaka 1934 vitabu vya sauti vikaanza kusambazwa kupitia maktaba ya Bunge la nchi hiyo. Uingereza, msukumo mkubwa ulitoka kwa Ian Fraser, afisa kijana aliyepofushwa na risasi katika mapigano ya Somme mwaka 1916, na huduma yao ilianza Novemba 1935. Kati ya vitabu vya kwanza kulikuwa na riwaya ya Agatha Christie na nyingine ya Joseph Conrad. Santuri zao zilichukua kama dakika 25 kwa upande, na riwaya ya kawaida ilihitaji santuri kumi hivi, zilizosafirishwa kwa posta ndani ya sanduku.

Napenda kuwakumbusha wapenzi wa muziki wa zamani kwamba santuri ndefu, ile iliyokuja kutubebea rumba na taarabu, haikushika soko la muziki mpaka mwaka 1948. Wasioona walikuwa wameitumia miaka kumi na minne kabla. Kwa hiyo anayewaletea "teknolojia" kama sadaka, ajue anawaletea watu waliomtangulia.

Hata usomaji wenyewe una wakongwe wake. Mwigizaji Alexander Scourby alianza kuwasomea wasioona wa Marekani mwaka 1937 na akaacha vitabu zaidi ya 400. Alikuwa mwigizaji wa jukwaani kwa taaluma, lakini vitabuni hakuweka jukwaa. Kanuni ya maktaba nyingi za wasioona nayo ni hiyo: soma kwa uhai, ila usiigize; mhusika mzee asikohoe, mhusika mwanamke asibanwe sauti. Wengi hudhani kanuni hiyo ni ya ukavu. Mimi naiona ni ya heshima. Anayesoma kwa macho hachaguliwi na mtu mwingine kama mama mkwe wa kwenye riwaya ni mkali au ana majonzi. Yule wa masikio naye ana haki ya kuamua mwenyewe.

Kuna sababu nyingine ambayo wenye macho hawaijui mpaka waketi na mtumiaji. Wasioona wengi waliozoea hawasikilizi kwa mwendo wangu. Wanakimbiza. Nimemwona mwanafunzi wa chuo akisikiliza kwa kasi ya mara mbili, mimi sisikii ila chichichichi, naye anacheka mahali hasa palipoandikwa kichekesho. Sasa mtie huyo rekodi yenye minong'ono, vilio na kinanda chini yake. Ikikimbizwa, kinanda kinageuka msumeno na maneno yanazama. Ndiyo maana nasema simulizi zilizojaa mtandaoni kwa Kiswahili, zile za "usisahau kubonyeza kengele", si vitabu vya sauti kwa maana hii, hata zikiwa tamu namna gani. Sizibezi, nyumbani kwangu zinasikilizwa jikoni kila siku. Lakini huwezi kumwambia mtoto wa shule arudi ukurasa wa 30 wa simulizi yenye ngoma, iliyokatwa vipande ishirini na kuachwa bila mwisho.

Sisi kwetu kusikiliza hadithi si jambo la kuja. Tumekua na paukwa pakawa, na watu wa rika langu walioachwa jioni na redio ya betri wanakikumbuka kipindi cha Mama na Mwana. Tenzi zimeghaniwa barazani na watu wengi kuliko waliowahi kuzishika kwa mkono. Ukijumlisha hayo unaweza kudhani lugha hii ilizaliwa tayari kwa vitabu vya sauti. Kwa hadithi, ndiyo. Kwa kitabu chenye namba, Kiswahili ni mtego, na mtego wenyewe ni ngeli.

Mwandishi anachapa "watoto 3, vikapu 2, miti 8" bila kuwaza. Mimi sina anasa hiyo. Mdomo lazima useme watoto watatu, vikapu viwili, miti minane. Ikija "watu 22" ni ishirini na wawili, ikija "vijiji 22" ni ishirini na viwili, ikija "asilimia 22" upatanisho unapotea kabisa. Ukurasa wa takwimu za sensa ni mazoezi ya sarufi yasiyo na huruma. Hapo hujafika kwenye miaka, ambako unachagua kati ya "elfu moja mia tisa sitini na nne" na "sitini na nne" ya mitaani, wala kwenye "n.k.", "k.m." na "S.L.P.", ambazo mwenye macho huziruka na sikio haliwezi.

Halafu kuna mkazo. Barabára ndiyo tunayopita, barábara ni sawasawa. Ukikosea, dereva wa riwaya ameendesha gari "juu ya sawasawa". Kuna ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma. Kuna dh na gh ambazo msomaji wa bara huzilainisha hadi zikapotea, naye mtoto asiyeona atakwenda kuziandika alivyozisikia. Hili la tahajia ndilo linalonifanya nisikubaliane na wanaosema sauti imekuja kuchukua nafasi ya nukta nundu, yale maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole. Mtu aliyesikia tu, hajagusa herufi, ataandika "zambi" kwa dhambi na hatajua kwa nini amekatwa maksi. Sauti na nukta nundu ni kama mchi na kinu.

Mashairi ndiyo yanayonikosesha usingizi. Shairi la mizani kumi na sita lina kituo katikati, nane kwa nane, na vina viwili, cha kati na cha mwisho. Usipotua katikati, kina cha kati kinamezwa. Ukitua mno, unaligeuza shairi kuwa ngonjera ya watu wawili wanaogombana. Nighani? Nimejaribu, na wazee wa ushairi watanisamehe: kwa kitabu cha darasani nasoma, sighani. Mwanafunzi anatakiwa kuhesabu mizani, na mahadhi huvuta silabi mpaka hesabu haitoki. Ila natangaza: "Ubeti wa tatu. Mshororo wa kwanza." Wapo wanaoona tangazo hilo linaua shairi. Labda. Lakini mwenye macho anauona ubeti kwa nafasi nyeupe iliyo juu na chini yake, na ile nafasi nyeupe lazima mtu aitamke.

Nafika kwenye mashine, maana kila ninapozungumzia jambo hili kuna kijana anayeniuliza kwa nini nijitese stoo na mablanketi wakati simu inasoma yenyewe. Ni swali la haki. Visoma skrini vya bure, yaani programu zinazosoma kwa sauti maandishi ya kwenye skrini, vipo. NVDA ya kompyuta, iliyoanzishwa na vijana wawili wasioona wa Australia mwaka 2006, inazungumza Kiswahili kupitia sauti ya kompyuta iitwayo eSpeak, na simu za Android nazo zinakisoma. Yule mwanafunzi wa chuo niliyemtaja aliniambia bila kuninyenyekea: "Dada, mashine haichoki, haiombi nauli, na inanisomea usiku wa manane kuamkia mtihani." Sina jibu la kumshinda. Kwa gazeti la leo, kwa barua ya bodi ya mikopo, kwa ratiba iliyobadilika asubuhi, mashine ndiyo rafiki wa kweli, na atakayesema isubiriwe sauti ya binadamu anamchelewesha mtu.

Ila nimeisikia mashine hiyo hiyo ikisema "watoto tatu" na "vikapu mbili" kwenye hesabu za darasa la tatu, kwa mtoto ambaye ndiyo kwanza anajifunza kuhesabu kwa lugha sanifu. Nimeisikia ikifika kwenye picha ya ukurasa mzima na kunyamaza, kwa sababu kwenye faili hakuna aliyeandika neno lolote mahali pa picha. Kosa la pili si la mashine. Ni la sisi tuliotoa kitabu kama picha za kurasa zilizopigwa skani, kisha tukajipongeza kwamba "kipo mtandaoni". Sauti za kompyuta zitaendelea kuwa nzuri, sina shaka. Upatanisho wa ngeli utafundishika. Lakini kueleza Kielelezo namba 7 kutabaki kunahitaji mtu anayejua nini ni mshale na nini ni pambo, au angalau mtu wa kukagua alichosema mtambo.

Kisheria mlango uko wazi kuliko wengi wanavyojua. Mkataba wa Marrakesh ulipitishwa Juni 27, 2013 na kuanza kutumika Septemba 30, 2016. Unaruhusu asasi zinazowahudumia walengwa, bila faida, kutengeneza nakala zinazofikika bila kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki, na kuzituma nje ya mpaka kwenda nchi nyingine mwanachama. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Uganda mwaka 2018, Tanzania mwaka 2020. Walengwa si wasioona tu. Yumo mwenye uoni hafifu, wakiwemo ndugu zetu wengi wenye ualbino wanaobandika pua kwenye karatasi. Yumo mwenye shida ya kusoma maandishi ingawa macho yake ni mazima. Yumo hata asiyeweza kushika kitabu na kufunua kurasa. Mimi humwongeza kimoyomoyo mwalimu mstaafu aliyeibiwa macho na presha ya jicho, ambaye kabati lake la vitabu bado limejaa na funguo anayo mfukoni.

Tafakari maana ya kipengele kile cha mpaka kwa lugha kama yetu. Mswedi akirekodi kitabu kwa Kiswidi, atakayekisikiliza yuko karibu wote ndani ya nchi moja. Riwaya ya Kiswahili ikirekodiwa vizuri mara moja Mombasa inaweza kusikilizwa Tabora, Jinja na Kigoma. Hatuna haja ya kila mtu kunasa kitabu kile kile stoo kwake. Umoja wa Wasioona Duniani umekuwa ukikadiria kwamba chini ya asilimia 10 ya vitabu vinavyochapishwa ndivyo vinavyofikika, na hali ni mbaya zaidi kwa nchi zisizo tajiri. Lugha yenye wasikilizaji pande zote za mpaka ingetakiwa kuwa miongoni mwa zinazopunguza pengo hilo kwa haraka. Kwa nini haiko hivyo?

Kwa maoni yangu, ni kwa sababu tumeiweka kazi hii kwenye kapu la hisani. Tunasubiri watu wenye moyo. Watu wenye moyo wapo, nami nilijidai mmoja wao, na nataka niseme ukweli wetu: tunarekodi sura tatu, mtoto anaugua, ajira inapatikana, tunapotea. Kitabu kinabaki na sauti nne tofauti, moja ina mafua. Tufanye hesabu ya wazi. Kitabu cha kurasa 200, maneno kama 250 kwa ukurasa, ni maneno 50,000. Maneno ya Kiswahili ni marefu. Mimi kwa utulivu nasoma kama 120 kwa dakika. Hiyo ni karibu saa saba za sauti iliyokamilika. Kila saa iliyokamilika hunichukua saa tatu hivi za kusoma, kukosea, kurudia na kukata, na bado mtu wa pili hajaketi na kitabu wazi kuhakiki neno kwa neno. Hiyo ni kazi ya saa zaidi ya ishirini ya mtu mzima, na mtu mzima anakula.

Kwa hiyo sauti iingie kwenye bajeti ya kitabu siku ile ile karatasi inapoingia. Anayepewa zabuni ya kuchapa kitabu cha kiada atoe pia faili safi la maandishi lenye maelezo ya picha, na rekodi iliyowekewa alama za sura na kurasa kwa mfumo wa DAISY, ambao umekuwepo tangu miaka ya 1990 na umetengenezwa kwa kazi hii hasa. Msomaji wa sauti alipwe kwa saa iliyokamilika, na mkataba useme sauti yake haitachukuliwa kufundishia mtambo wa matangazo bila ridhaa yake. Mhakiki alipwe. Na katika meza hiyo awepo mtu asiyeona mwenye mamlaka ya kusema "hii irudiwe", si mgeni wa heshima wa kupigwa picha siku ya uzinduzi.

Mwenye mamlaka hayo kwangu mimi amebaki kuwa yule mvulana. Muhula uliofuata alinipigia, kwa simu ile ile ya mwalimu wake. Akasema ukurasa wa 61 una kasoro. Rafiki yake wa dawati huwa anafuatisha kwa kidole kwenye kitabu wakati yeye anasikiliza, na kidole kimekwama. Nikafungua kitabu. Mistari miwili inayofuatana ilianza na neno "Vilevile", jicho langu likaruka kutoka la kwanza hadi la pili, na sentensi nzima kuhusu maji ya chini ya ardhi ikaanguka katikati. Nimeisoma rekodi hiyo mara mbili kwa masikio yangu mwenyewe na sikuigundua.

Nikasubiri alfajiri, saa ile ile niliyorekodi mara ya kwanza, ili sauti isije ikatofautiana. Nikatundika mablanketi. Jogoo wa jirani alipomaliza, nikasoma sentensi moja.